Waya wa Mwalimu Ildephonse

12 Februari

Norbert amechoka nami. Mume wangu anatengeneza injini za mitumbwi pale ufukweni, anarudi nyumbani na njaa yake, halafu mkewe anakaa mbele ya sahani kumsomea magomvi aliyogombana na watu wa Finland kuhusu waya. Jana tonge lilikuwa njiani kwenda mdomoni, akalirudisha kwenye sahani. "Mama Espoir," akasema, "ile maneno yote andika mu kaye. Acha minye nikule kwanza." Basi nimechukua daftari la mtoto ambalo halijaandikwa, na Norbert leo amekula kwa amani.

Nieleze kazi yangu mara moja, nisirudie tena. Kompyuta ndogo inayokaa ndani ya kisanduku haina macho. Haijui imeungwa na nini. Lazima ipewe maelezo ya maandishi: hapa pana kumbukumbu, hapa pana kidhibiti chake, waya huu unafunga, ule unafungua. Maelezo hayo hutumwa hadharani, kwa barua inayosomwa na mafundi wa dunia nzima, na yakikubaliwa yanaingia katika mfumo ambao kila mtu anautumia. Mimi ni mmoja wa wakaguzi, upande wa kumbukumbu za flash. Sheria yangu ni moja tu: eleza chombo jinsi kilivyo, usieleze jinsi unavyotaka kiwe.

Maelezo yaliyoingia leo hayakutoka Finland. Yametoka hapa hapa Mulongwe, nyumba chache kutoka kwangu ukimpita mshona viatu. Ameyatuma Pontien.

Pontien ni kijana wa Luvungi, mtoto wa wakulima wa uwandani. Alikuja Uvira kusoma akabaki, na amebaki kwa sababu mbili. Ya kwanza ni visanduku vya Mwalimu Ildephonse. Ya pili ni Providence, binti wa Mwalimu Ildephonse. Posa imeshapelekwa na kupokelewa. Mahari ni tarehe nne Mei.

Mwalimu Ildephonse ametufundisha umeme sisi sote, mimi na Pontien na nusu ya mafundi wa mji huu. Tangu mto wetu wa Mulongwe ulipoingia majumbani mwaka 2020 hana habari nyingine: anatengeneza visanduku vya kulia king'ora maji yakipanda. Kila kisanduku lazima kikumbuke mstari wake, yaani kimo cha maji ambacho kikifikiwa, kilie. Mstari huo unaandikwa ndani ya kumbukumbu ya flash, ile isiyosahau hata umeme ukikatika. Kisanduku kilichosahau mstari wake kinakaa kimya, na mto unapita mbele yake kama mwizi mbele ya mlinzi aliyelala.

Mwaka jana Pontien alikuwa na kiendeshi chake mwenyewe, programu ya kukiongoza kile kidhibiti cha kumbukumbu, na alikiweka kwenye laptop yake tu. Mfumo ulipobadilika kikagoma, na king'ora kikanyamaza msimu mzima. Ndiyo maana safari hii analeta kila kitu hadharani, kiwe cha wote na kitunzwe na wote. Mvua kubwa ni Aprili. Lazima kikubaliwe kabla yake.

Nimesoma maelezo yake. Nimeyakataa.

13 Februari

Pontien amekuja, yeye anayeniita yaya, yaani dada mkubwa. Amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kupigwa sindano.

"Yaya Georgette, umenikatalia mbele ya bantu bote."

"Nimekukatalia fasi ulinitumia. Ungenitumia hapa nyumbani ningekukatalia hapa nyumbani."

Nikamwonyesha. Amekiambia kidhibiti kiende kasi gani, na hilo ni jambo la kiendeshi, halihusiani na chombo. Mfano alioutoa haupiti hata ukaguzi wa mashine. Akaandika kila neno nililosema, akashukuru, akainuka. Mlangoni akaniuliza kama Mwalimu anasoma zile barua. Nikamwambia anazisoma zote, anazichapisha hata kwenye karatasi. Uso ukamshuka. Nilidhani ni aibu ya kukataliwa.

20 Februari

Mvua ya kutwa. Nguo hazikauki.

25 Februari

Mwalimu amenikamata baada ya misa, mwavuli mkononi ingawa jua lilikuwa linachoma.

"Georgette! Ile kitu ya Pontien, pitisha mbiyo mbiyo. Mvua iko inakuya."

"Prof, minye sipitishake kitu mbiyo mbiyo. Weye njo ulinifundisha vile."

"Nilikufundisha heshima pia. Ile somo ulikuwa absente?"

Akacheka kwa kishindo mpaka padri akageuka. Nampenda mzee huyu. Ana majivuno ya jogoo, kadi ya umeme iliyo ndani ya visanduku ameichora kwa mkono wake na ukiisifia atakuonyesha mchoro hata ukiwa na mgonjwa nyumbani. Lakini alinifundisha kushika chuma cha kuchomea wakati watu walisema msichana ataunguza vidole. Niliunguza kweli. Akanifunga kitambaa, akanirudishia chuma.

2 Machi

Toleo la pili la Pontien. Kasi ameitoa. Mfano unapita. Majina bado ovyo. Nimekataa.

Norbert: "Umekataa tena? Siku ya mahari utakula fasi gani?"

9 Machi

Toleo la tatu. Maelezo yamenyooka mpaka nikaona raha, nikataka kuweka jina langu chini yake na kwenda kupika. Mkono ukasita. Nikasema ngoja nisome na kiendeshi, ingawa hicho si changu kukagua.

Kuna waya mmoja kwenye kumbukumbu unaoitwa waya wa kufuli. Ukiwa chini, kumbukumbu imefungwa, huwezi kuandika kitu. Ukiwa juu, imefunguliwa. Ndivyo alivyoandika Pontien katika maelezo, na ndivyo kitabu cha chombo kinavyosema. Lakini ndani kabisa ya kiendeshi, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama, kuna mstari mmoja unaogeuza kila kitu: maelezo yakisema chini, chenyewe kinafanya juu.

Yaani mdomo unasema hivi, mkono unafanya vile. Nimemuuliza hadharani ni kwa nini. Amejibu baada ya muda mfupi: "Sababu za kihistoria."

Historia gani, mtoto wa juzi! Nimekasirika mpaka ndagala zangu, dagaa wa ziwani, zikaungua jikoni.

10 Machi

Nimemfuata mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya nyumba anakopanga, anafua shati la Jumapili.

"Pontien, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ile mustari ni ya nini?"

Akalisuuza shati lile lile mara mbili.

"Waya ya Prof iko ngambo, yaya. Alichora vibaya. Aliweka kitransista katikati, kikageuza. Fasi ya kufunga inafungua, fasi ya kufungua inafunga."

"Umejua lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na juu ya nini haukusema? Ni neno moja tu mu maelezo: waya imegeuzwa. Kiendeshi kinabaki safi, kila mutu anatumia."

"Nitasema ati databukwe amekosa? Mbele ya dunia muzima? Na yeye anachapisha kila barua?" Akanitazama, na macho yalikuwa yamejaa. "Kwetu mukwe hamukosoi baba mukwe. Ata akikaa ku kiti imevunjika, unakaa chini pamoja naye. Nilizani nitaificha mu kiendeshi, kadi itatembea, Prof atafurahi, na hakuna mutu atajua."

Nilikuwa nimemhesabu kuwa mjanja mvivu, kumbe ni mwoga wa mapenzi. Akaniomba nisiseme mpaka mahari ipite. Nikamwambia jina langu sitaliweka kamwe chini ya kiendeshi kinachosema uongo. Kuhusu kumwambia Mwalimu, nikasema nitanyamaza kidogo.

Kidogo ni kiasi gani, sikusema.

19 Machi

Mlimani mawingu yamefunga tangu asubuhi. Mto umekuwa na rangi ya chai ya maziwa.

21 Machi

Pontien hajatuma toleo jingine. Yule fundi wa Finland anayekagua viendeshi ameuliza hadharani kama kazi hii imekufa. Hakuna aliyemjibu, hata mimi.

27 Machi

Mwalimu amechoka kusubiri. Leo amefunga kisanduku cha pili, kule juu mto unapotoka mlimani, kwa kutumia kiendeshi kilekile cha Pontien kisichokubaliwa. Cha kwanza kiko chini karibu na daraja na kinafanya kazi vizuri. Faida ya hiki cha juu ni kwamba maji yanakifikia mapema, kwa hiyo kikilia, watu wa chini wanapata muda wa kubeba watoto na vyungu.

Kadi ya kisanduku hiki ameiunganisha Providence, maana macho ya Mwalimu hayaoni tena vitu vidogo. Providence ana mkono mwepesi kuliko sisi wote. Alipanda nayo akiwa ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga.

Watu walijaa. Mwalimu akatoa hotuba. King'ora chenyewe amekitoa kwenye pikipiki mbovu, kina sauti nyembamba ya kukera, na kilipolia kwa majaribio watu walipiga makofi. Tuliandika mstari, tukamwaga ndoo ya maji, kikalia. Pontien akanong'ona kwamba afadhali tukizime na kukiwasha tena, tuone kama kinakumbuka. Mwalimu akamwangalia.

"Unakuwa na mashaka na kadi yangu?"

"Hapana, papa."

Tulijaribu kila kitu isipokuwa kukizima.

31 Machi

Pasaka. Sombe ya majani ya muhogo, wali, mikeke wawili, samaki wakubwa wa ziwani Norbert aliopewa kwa kutengeneza injini. Nimekula nikasahau waya.

14 Aprili

Jumapili. Nitaandika yote.

Umeme ulikatika Ijumaa na haukurudi mpaka leo asubuhi. Betri za visanduku ni ndogo. Cha chini kiliisha chaji, cha juu kikaisha pia. Umeme uliporudi vyote viwili viliwasha taa zake za kijani, nasi tukaenda misani tukiwa na amani.

Hapa mjini hapakuwa na tone. Mvua ilikuwa kule juu milimani, upande wa Mulenge, tuliiona tu kama pazia jeusi. Tulikuwa tunatoka kanisani tulipoanza kusikia mawe. Mto wa Mulongwe ukija kwa hasira husikii maji, unasikia mawe yanagongana ndani yake. Watu wakasimama, wakageuka kuelekea juu, wakasubiri ile sauti nyembamba ya pikipiki.

Haikuja.

Wakasema basi si kitu, kisanduku kingelia. Wengine wakarudi ndani kuendelea kupika! Hilo ndilo linaloniuma. Zamani wangekimbia kwa kusikia mawe tu. Leo walibaki kwa sababu walituamini. Kisanduku cha daraja kikalia hatimaye, na kilipolia maji yalikuwa yameshafika milangoni.

Nilikimbia nikiwa nimembeba Espoir mgongoni, mtoto mzima anayekwenda shule. Norbert alibeba mama mmoja jirani yetu asiyeweza kutembea. Watu walikuwa wanapiga sufuria kuwashtua wengine. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Magodoro yameenda, makaa yameenda, mbuzi wa mshona viatu ameenda na kamba yake. Nyumba yetu ina matope mpaka kwenye dirisha.

Jioni nilimwona Mwalimu amesimama ukingoni, viatu mkononi, suruali imekunjwa. Hakuwa na mwavuli. Watu walipita bila kumsalimia. Pontien alisimama nyuma yake, mbali kidogo, na hakuna aliyemsogelea mwenzake.

16 Aprili

Nimepanda mpaka kisanduku cha juu pamoja na Pontien na Providence. Mwalimu amebaki nyumbani, anasema ana homa. Taa ya kijani inawaka. Nikauliza kumbukumbu: mstari uko wapi? Hakuna mstari. Kumbukumbu ni tupu, haijawahi kuandikwa kitu tangu siku ya kwanza. Siku ile ya makofi mstari ulikuwa kichwani mwa kompyuta tu, na umeme ulipokatika ukaondoka nao.

"Haiwezekane," Pontien akasema. "Kadi ya chini inaandika. Kiendeshi ni kimoja, kadi ni ile ile."

Providence akaanza kulia pale pale kwenye mawe.

"Kadi haiko ile ile. Niliona kitransista ya papa iko inageuza waya, nikakitoa. Nikaunga waya sawa, vile kitabu inasema. Sikumwambia. Papa akikosolewa halale usingizi."

Pontien akakaa chini.

Ikabidi niseme mimi, maana wao walikuwa wanaangaliana tu. Mwalimu aligeuza waya. Pontien akajua, akamwonea aibu, akageuza kiendeshi kimya kimya. Providence akajua, akamwonea huruma, akanyoosha kadi kimya kimya. Kadi iliyogeuzwa na kiendeshi kilichogeuzwa, kazi inakwenda. Kadi iliyonyooka na kiendeshi kilichogeuzwa, kufuli linabaki limefungwa. Wamempenda mzee wao kutoka pande mbili, na katikati pakapita mto.

Na mimi mkaguzi nilijua nusu yake tangu Machi.

Norbert nilipomwambia hakucheka. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema, akaendelea kukwangua matope ukutani. Akaongeza kwamba safari hii kifo kimetuonea huruma.

18 Aprili

Mkwe hawezi kumwambia. Binti hawezi. Katika mambo ya mahari huwa kuna mtu wa katikati anayebeba maneno mazito kati ya familia mbili, basi wameniomba niwe yeye. Nilivaa kitenge kizuri, nikachukua mikeke wa kukaanga, kwa sababu huendi na neno zito mikono mitupu.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, amejifunika koti. Nikaanza kwa mbali. Nikauliza homa. Nikasifu mavuno ya uwandani. Nikasema mtu akijenga nyumba nzuri, mara nyingine mlango mmoja unaweza kufungukia upande mwingine.

"Georgette," akanikata, "weye ulianza lini kuzunguka-zunguka? Bantu ba Finland unabaambia usoni, minye unanipikia samaki?"

Nikamwambia usoni. Waya, kitransista, kiendeshi, Pontien, Providence, mimi. Yote.

Akauliza kwa sauti ndogo:

"Pontien alijua?"

"Tangu siku ya kwanza, Prof."

"Na binti yangu?"

"Ndiyo."

"Na weye."

"Na minye."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya kosa lake. Kosa lenyewe hakuligusa hata kidogo.

"Kukosa waya si kitu, nimekosa waya maisha yangu yote, njo vile nilijifunza. Lakini mulikuwa munanibeba kama yai. Bote batatu. Muntu banamuficha kosa yake, ni kusema banaona hawezi tena kuitengeneza." Akavuta koti. "Sikukuwa muzee, Georgette. Mumenifanya muzee leo."

Nililia njia nzima. Samaki alibaki mezani hajaguswa.

19 Aprili

Mvua.

20 Aprili

Mvua. Mwalimu hatoki. Providence anasema hata redio hawashi.

22 Aprili

Mvua. Pontien amesema atakwenda Luvungi kuwaambia wazazi wake wasilete pombe ya mahari. Nimemwambia akithubutu kupanda pikipiki kabla ya tarehe nne nitamvunja miguu. Kijana yuleyule niliyemwita mvivu, sasa namlinda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

25 Aprili

Asubuhi nimefungua barua. Toleo la nne limeingia, na halikutumwa na Pontien. Ni la Ildephonse, barua yake ya kwanza kwa mafundi wa dunia, kwa Kiingereza kilichonyooka na kukakamaa kama kola ya padri.

Ameeleza kadi mbili. Ya kwanza: waya wa kufuli umegeuzwa. Ya pili: waya wa kufuli umenyooka. Ule mstari wa siri ndani ya kiendeshi ameufuta, na kiendeshi sasa hakiulizi historia, kinasoma maelezo na kutii. Tena amekiongezea jambo ambalo hata mimi sikuliomba: kikiandika, kirudi kusoma kama neno limeandikwa kweli. Chini ya kadi ya kwanza ameweka maneno haya: "Mchoraji alikosea. Mchoraji ni mimi. Kadi iko mtoni na inafanya kazi, kwa hiyo ielezwe ilivyo."

Nimesoma mara nyingi. Sikupata hata nukta ya kukataa, na nilitafuta, maana angenidharau kama nisingetafuta.

Nimeweka jina langu.

Norbert: "Umekataa tena?"

Nikamwambia nimekubali. Akaja kusoma mwenyewe, yeye asiyejua Kiingereza, mikono yenye mafuta nyuma ya mgongo asichafue.

29 Aprili

Yule wa Finland amepitisha kiendeshi. Kimeingia, ni cha wote.

Tumepanda kisanduku cha juu na kukiwekea kila kitu upya. Mwalimu amekuja, na fimbo. Tuliandika mstari. Kisha yeye mwenyewe akang'oa waya wa umeme, akang'oa betri, akakaa juu ya jiwe akila mahindi ya kuchoma mpaka yakaisha. Akarudisha. Kisanduku kikaamka na mstari wake.

Hakusema kitu kwa Pontien. Lakini alimpa nusu ya hindi la pili.

4 Mei

Mahari. Ninaandika nikiwa nimekaa juu ya jiko la mkaa lililogeuzwa, katika ua wa shule, nguo zimeniganda mwilini, na sijawahi kuwa na furaha kama hii.

Ilianza vizuri. Familia ya Luvungi ilifika na pombe ya ndizi katika chungu kikubwa, mirija imesimama ndani yake. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, hakuna aliyejali, maana muziki ulikuwa wa ngoma. Wasemaji wakasema maneno yao matamu: kwamba wameona ua zuri katika bustani hii na wangependa kulichuma. Kwa kawaida upande wa binti hujibu kwa utamu uleule. Mwalimu akamnyamazisha msemaji wake, akasimama mwenyewe.

"Minye nitaeleza binti yangu vile iko," akasema. "Anaitwa Providence. Asubuhi hasemeshwe mupaka akunywe chai. Bugali yake iko na madonge. Akiona umekosa, atatengeneza kosa yako kimya kimya, hatakuambia. Ile tabia nimeijua mwaka huu. Mikono yake ni ya zahabu. Njo maelezo. Sijaficha waya. Munakubali?"

Wazee wa Luvungi waliangaliana kama watu walioingia harusi isiyo yao. Pontien akasema amekubali, tena kwa haraka.

"Bado," Mwalimu akasema. Alikuwa ameshika mrija, hajaunywea. "Kabla sijaonja pombe ya baba yako, weye mukwe wangu uniambie kosa yangu moja. Hapa. Mbele ya bantu bote."

Mama yake Pontien akaziba mdomo. Pontien akanitazama, nami nikaangalia pembeni, safari hii sikubebi, nikasema moyoni. Akasimama wima, jasho linamtiririka kwenye kola ya lile shati la Jumapili.

"Papa," akasema, "uligeuza waya."

Ngoma ikanyamaza. Mwalimu akainama, akavuta kwa mrija, akavuta tena, mpaka wazee wakaanza kuhofia chungu. Alipoinuka alikuwa anacheka na machozi yanashuka kwenye mashavu.

"Asante, mutoto. Kunyweni bote."

Hapo ndipo tuliposikia. Sauti nyembamba, ya kukera, ya pikipiki mbovu, kutoka kule juu. Kisanduku cha pili. Hapakuwa bado na sauti ya mawe, na jua lilikuwa linawaka kwenye sahani zetu.

Hakuna aliyebishana. Watu walibeba watoto, walibeba sufuria za wali, wazee wa Luvungi walibeba chungu chao wawili wawili kama majeruhi. Providence alikunja kitenge cha sherehe mpaka magotini akambeba bibi yake. Tukapanda kuelekea shule kwa mwendo wa kawaida, maana muda ulikuwepo, na mto ulipofika ukumbini kwa Mwalimu ulikuta viti vitupu.

Kabla maji hayajafika mimi nilikuwa nimerudi nyuma kumtafuta Mwalimu. Alikuwa amebaki langoni, mvua sasa imeanza, kichwa ameinamisha upande mmoja kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma.

"Prof, twende!"

"Courant ilikatika lini, Georgette?"

"Umeme ulikatika jana. Betri iliisha, Pontien aliibadilisha leo asubuhi."

"Kwa hiyo ilikufa, ikaamka."

"Ndiyo, Prof. Twende."

"Na iko inakumbuka," akasema.

Nikamshika mkono, akanipa fimbo nimshikie, tukapanda.